Namna ya Kusoma Migogoro ya Kisiasa na ya Kimataifa kwa Jicho la Sheria

Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, ilisoma amri yake katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini dhidi ya Israel kuhusu vita vya Gaza. Haukupita muda habari ikawa imeenea kwa sura mbili zinazopingana: wako waliosema mahakama imethibitisha kwamba mauaji ya kimbari yanatendeka, na wako waliosema mahakama imeikataa hoja hiyo kwa kuwa haikuamuru vita visimamishwe. Amri yenyewe haikusema hili wala lile. Ilikuwa waraka wa aya 86 uliowekwa hadharani kwenye tovuti ya mahakama, na mtu yeyote mwenye subira ya saa moja angeweza kuusoma na kujua kilichoamuliwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanasheria ambaye kila siku anasikia maneno kama "haramu", "uhalifu wa kivita", "kujihami" na "uamuzi wa mahakama" yakirushwa huku na huku katika mabishano ya siasa, na anayetaka kujua yana uzito gani. Hoja yangu kuu ni kwamba sheria huunda mgogoro mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kabla haijatoa jibu, sheria huwa imekwisha kuamua ni swali gani linaloweza kuulizwa, nani anayeweza kuliuliza, na aulize mbele ya chombo kipi. Anayengoja hukumu ndipo aanze kufuatilia huwa amechelewa, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo huamuliwa siku ile kesi inapofunguliwa.

Tafuta swali kabla ya jibu

Jambo la kwanza ni kuandika, kwa sentensi moja na kwa maneno yako mwenyewe, swali ambalo mahakama iliulizwa. Usiandike swali linalobishaniwa mitaani wala lile ambalo wanasiasa wanataka lijibiwe. Andika lile lililomo ndani ya maombi.

Suala la Kosovo linaonyesha kwa nini hatua hii haifai kurukwa. Mwaka 2008 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa ombi la Serbia, liliiuliza ICJ iwapo tangazo la uhuru lililotolewa na upande wa Kosovo pekee linaafikiana na sheria ya kimataifa. Tarehe 22 Julai 2010, kwa kura 10 dhidi ya 4, mahakama ilijibu kwamba tangazo hilo halikukiuka sheria ya kimataifa. Ukisoma habari hiyo haraka utadhani mahakama imeipa Kosovo uhalali wa kuwa nchi huru. Hata hivyo majaji walieleza bayana kwamba hawakuulizwa iwapo Kosovo ni nchi, wala iwapo mataifa yaliyoitambua yalitenda ipasavyo, wala iwapo watu wa Kosovo wana haki ya kujitenga. Walijibu kuhusu kitendo cha kutangaza, basi.

Mahakama za ndani ya nchi hufanya vivyo hivyo. Tarehe 4 Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga matokeo, kwamba jimbo la Colorado halikuwa na mamlaka ya kuliondoa jina la Donald Trump kwenye karatasi za kura kwa kutumia ibara ya katiba inayowazuia walioshiriki uasi kushika madaraka. Wapo walioeleza kwamba mahakama imemsafisha, ilhali mahakama haikuamua kama alishiriki uasi au hakushiriki; iliamua tu ni nani asiyekuwa na uwezo wa kumzuia. Vilevile, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, kwa kura 4 dhidi ya 2, haikutamka kwamba mlalamikaji ndiye aliyeshinda. Ilisema uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa katiba na sheria, hasa katika namna matokeo yalivyosafirishwa, na ikaagiza urudiwe ndani ya siku 60. Anayejua swali lililoulizwa hashangai kuona kwamba jibu halikumtangaza mshindi mwingine.

Uliza chombo hicho kimepata wapi mamlaka

The Hague, Uholanzi, kuna mahakama mbili ambazo majina yake hukanganywa hata na wanahabari wazoefu. ICJ ina majaji 15 na husikiliza mashauri kati ya nchi na nchi. Haiwezi kumfunga mtu yeyote gerezani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ina majaji 18, ilianzishwa kwa Mkataba wa Roma wa 1998 ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na hushtaki watu binafsi. Haiwezi kuitia nchi hatiani. Ukisikia kwamba "mahakama ya The Hague imeamua", swali la kwanza liwe ni ipi kati ya hizo, kwa sababu kila moja ina sheria zake, wanachama wake na makali yake.

Baada ya hapo ingia katika jambo ambalo naliona ndilo muhimu kuliko yote katika mwongozo huu, nalo ni ridhaa. Hakuna nchi inayoweza kushtakiwa mbele ya ICJ bila kuwa imekubali, kwa njia moja au nyingine, kwamba mahakama hiyo imhukumu. Huenda imekubali kwa tamko la jumla la kupokea mamlaka ya mahakama, au kwa kifungu kilichomo ndani ya mkataba fulani, au kwa makubaliano ya shauri hilo moja. Kati ya wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, ni Uingereza peke yake iliyobaki na tamko la jumla la aina hiyo. Maana yake ni kwamba anayetaka kuishtaki nchi yenye nguvu hulazimika kutafuta mkataba ambao nchi hiyo imeuridhia na ambao ndani yake mna kifungu kinachoipa ICJ mamlaka. Akiupata, hulazimika kuyabana malalamiko yake yote yaingie katika maneno ya mkataba huo.

Hapa ndipo mtu anapoona kwa macho yake jinsi sheria inavyoupa mgogoro sura. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, lalamiko la wazi kabisa lilikuwa ni matumizi ya nguvu kinyume cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ukraine haikuwa na njia ya kulipeleka lalamiko hilo ICJ, kwa kuwa Urusi haikuwa imekubali kuhukumiwa kwa jambo hilo. Nchi zote mbili, hata hivyo, ni wanachama wa Mkataba wa 1948 wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari, ambao kifungu chake cha tisa kinaipa ICJ mamlaka. Siku mbili baada ya uvamizi, Ukraine ikafungua kesi ikidai kwamba Urusi imeizushia uongo wa kufanya mauaji ya kimbari katika mikoa ya mashariki, na kwamba imeutumia uongo huo kuhalalisha vita. Mahakama ilitoa amri ya muda tarehe 16 Machi 2022, kwa kura 13 dhidi ya 2, ikiitaka Urusi isimamishe operesheni zake za kijeshi. Tarehe 2 Februari 2024, ilipoamua mapingamizi ya awali ya Urusi kuhusu mamlaka, ikasema haina mamlaka ya kuamua chini ya mkataba huo kama vita vya Urusi vilikuwa haramu. Kilichobaki ni kuamua iwapo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba Ukraine yenyewe ilifanya mauaji ya kimbari. Aliyeshambuliwa alijikuta mahakamani akithibitisha kwamba yeye hana kosa, na haikuwa kwa sababu majaji waligeuza ukweli. Lilikuwa ndilo swali pekee ambalo mkataba uliruhusu.

Kifungu hichohicho cha tisa ndicho kilichoiwezesha Gambia kuishtaki Myanmar tarehe 11 Novemba 2019 kwa ajili ya Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, na Afrika Kusini kuishtaki Israel tarehe 29 Desemba 2023. Wengi wamejiuliza kwa nini mabishano ya dunia yamekazana juu ya neno "mauaji ya kimbari", hali uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu ni makosa mazito pia na mara nyingi huthibitishwa kwa urahisi zaidi. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba katika kesi hizo hapakuwa na mkataba mwingine wa kuipa ICJ mamlaka juu ya makosa hayo mengine.

Athari zake si ndogo. Mauaji ya kimbari yanahitaji uthibitisho wa nia mahususi ya kuliangamiza kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, lote au sehemu yake. Katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, hukumu ya tarehe 26 Februari 2007 ilikubali kwamba mauaji makubwa na mateso yalitendeka sehemu nyingi za Bosnia, lakini ikaona nia hiyo imethibitika Srebrenica pekee, mwezi Julai 1995. Ikasema Serbia haikutenda mauaji hayo yenyewe ila ilivunja wajibu wake wa kuyazuia na wa kuwaadhibu waliohusika. Kwa hiyo ukisikia kwamba mahakama imesema jambo fulani "si mauaji ya kimbari", usilichukue kama cheti cha usafi. Inawezekana kabisa kwamba mahakama imekiri watu wengi waliuawa kinyume cha sheria, ila mkataba uliowafikisha mahakamani haukuruhusu vifo hivyo vipewe jina jingine.

Jua shauri limefika hatua gani

Mashauri ya kimataifa huenda kwa ngazi, na kila ngazi ina kipimo chake cha ushahidi. Katika ICJ, kwa kawaida kuna ombi la hatua za muda, yaani amri za kulinda haki wakati kesi ikiendelea, kisha mapingamizi ya awali kuhusu mamlaka, kisha kiini cha shauri, na mwisho fidia. Safari hiyo huchukua miaka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifungua kesi dhidi ya Uganda mwaka 1999. Hukumu ya kiini ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, na kiasi cha fidia, dola milioni 325 za Marekani, kikapangwa tarehe 9 Februari 2022. Mtu anayesema mwezi wa kwanza wa kesi kwamba "mahakama imeshaamua" anaongelea jengo ambalo hata msingi wake haujachimbwa.

ICC nayo ina vipimo vitatu vinavyopanda. Ili hati ya kukamatwa itolewe, majaji huhitaji kuona sababu za kuridhisha za kuamini kwamba mtu ametenda kosa. Ili mashtaka yathibitishwe na kwenda kusikilizwa, huhitaji sababu nzito. Ili mtu atiwe hatiani, kosa lazima lithibitike bila kuacha shaka ya msingi. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yalithibitishwa Januari 2012, kisha mwendesha mashtaka akayaondoa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kuvuka ngazi ya pili hakukumaanisha kwamba ya tatu ingevukwa. Kwa sababu hiyo hati ya kukamatwa iandikwe na kusomwa kama hati ya kukamatwa. Ni jambo zito, kwa kuwa majaji wa kujitegemea wamepitia ushahidi wa upande wa mashtaka, lakini upande wa utetezi huwa haujasikilizwa.

Sasa turudi kwenye amri ya 26 Januari 2024 na kuisoma kwa karibu, maana namna ya kuisoma hufaa kwa nyaraka nyingi za ICJ. Usianze na ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho, inayofunguliwa kwa maneno yenye maana ya "kwa sababu hizi", ambayo chini yake kila agizo limeorodheshwa pamoja na kura zake na majina ya majaji waliokubali na waliokataa. Hiyo ndiyo sehemu inayofunga. Katika amri hii ni aya ya 86, na ina maagizo sita. Manne yalipita kwa kura 15 dhidi ya 2, likiwemo lile la kuitaka Israel ichukue hatua zote zilizo katika uwezo wake kuzuia vitendo vinavyokatazwa na mkataba. Mawili, la kuzuia na kuadhibu uchochezi na la kuruhusu misaada ya kibinadamu, yalipita kwa kura 16 dhidi ya 1. Kura zilikuwa 17 kwa sababu kila upande uliteua jaji wake wa ziada, kama kanuni zinavyoruhusu.

Kisha linganisha maagizo hayo na yale yaliyoombwa. Afrika Kusini iliomba operesheni za kijeshi zisimamishwe mara moja, na agizo hilo halimo. Kukosekana kwake ni habari, lakini si habari kwamba kesi imetupwa. Baada ya hapo ndipo urudi nyuma na kutafuta aya inayobeba sababu. Hapa ni aya ya 54, ambapo mahakama inasema kwamba angalau baadhi ya haki zinazodaiwa na Afrika Kusini, ikiwemo haki ya Wapalestina wa Gaza kulindwa dhidi ya mauaji ya kimbari, zina mashiko ya awali. Soma sentensi hiyo polepole: kinachosemwa kuwa na mashiko ni haki inayoombewa ulinzi. Joan Donoghue, aliyekuwa rais wa mahakama wakati huo, alilazimika kulifafanua jambo hili katika mahojiano Aprili 2024, baada ya wengi kuandika kwamba mahakama imeona dai lenyewe la mauaji ya kimbari kuwa na mashiko.

Mwisho pitia aya zilizo nje ya maagizo, kwa kuwa nazo zina uzito wa aina yake. Aya ya 85 ya amri hiyo inaeleza wasiwasi mkubwa juu ya mateka waliochukuliwa tarehe 7 Oktoba 2023 na kutaka waachiliwe mara moja bila masharti. Wito huo haumo katika maagizo, kwa kuwa Hamas si nchi na haikuwa mshtakiwa. Ukiwa na nafasi, soma pia maoni ya majaji waliopinga. Mara nyingi ndiyo yanayoeleza hoja ya upande wa pili kwa ufasaha kuliko mawakili wake.

Ombi la hatua za muda likikataliwa, tumia uangalifu uleule. Polisi wa Ekuado walipovamia ubalozi wa Meksiko mjini Quito tarehe 5 Aprili 2024, kinyume cha Mkataba wa Vienna wa 1961 unaosema majengo ya ubalozi hayaguswi, Meksiko ilikwenda ICJ. Tarehe 23 Mei 2024 mahakama ilikataa kutoa amri ya muda. Sababu yake haikuwa kwamba uvamizi ulikuwa halali. Ekuado ilikuwa imetoa ahadi rasmi mbele ya mahakama ya kuyalinda majengo na mali za ubalozi, hivyo dharura haikuwepo tena.

Pima uzito wa waraka

Hukumu ya ICJ huzifunga nchi zilizo katika kesi hiyo, na tangu kesi ya LaGrand ya mwaka 2001 imekuwa wazi kwamba hata amri za muda zinafunga. Maoni ya ushauri hayafungi. Maazimio ya Baraza Kuu, kwa kawaida, ni mapendekezo. Maamuzi ya Baraza la Usalama, kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, wanachama wote wamekubali kuyatekeleza. Ugumu uko katika kujua kama azimio fulani ni uamuzi au ni wito tu. Azimio namba 2728 la tarehe 25 Machi 2024, lililotaka vita vya Gaza visitishwe kwa mwezi wa Ramadhani, lilipita kwa kura 14 huku Marekani ikijizuia kupiga kura, kisha Marekani ikasema halifungi. Wanachama wengine wakasema linafunga. Kipimo kipo tangu maoni ya ICJ kuhusu Namibia ya mwaka 1971, yaliyosema tuangalie lugha ya azimio, mjadala uliolitangulia na vifungu vilivyotajwa, badala ya kudhani kwamba kila kisichotaja Sura ya Saba ya mkataba huo, inayohusu hatua za lazima, hakina nguvu. Kwa hiyo soma vitenzi. "Linaamua" na "linadai" havilingani na "linatoa wito".

Pamoja na hayo, usidharau kisichofunga. Tarehe 25 Februari 2019 ICJ ilitoa maoni ya ushauri kwamba kuvitenga visiwa vya Chagos kutoka Mauritius kabla ya Mauritius kupata uhuru hakukufanywa kihalali, na kwamba Uingereza imalize utawala wake visiwani humo haraka iwezekanavyo. Uingereza ilisema hayo ni maoni tu. Mwezi Mei mwaka huohuo Baraza Kuu likayaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Mwaka 2021 jopo la mahakama ya sheria ya bahari likayachukulia kuwa yamemaliza mabishano ya mamlaka. Na tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ikatia saini mkataba wa kuitambua Mauritius kuwa na mamlaka juu ya visiwa hivyo, huku kituo cha kijeshi cha Diego Garcia kikiendelea kwa miaka 99. Karatasi isiyofunga ilikuwa imepunguza, mwaka baada ya mwaka, idadi ya watu waliokuwa tayari kuutetea msimamo wa zamani.

Neno la kujihami nalo lipimwe. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaruhusu nchi kujihami pale shambulio la silaha linapotokea, na kinaitaka itoe taarifa mara moja kwa Baraza la Usalama. Barua hizo hupatikana, na huonyesha nchi inadai imeshambuliwa na nani, lini na wapi. Urusi iliwasilisha ya kwake tarehe 24 Februari 2022. Marekani iliwasilisha ya kwake kuhusu Syria mwezi Septemba 2014. Barua ikikosa shambulio lolote la kutaja, au ikitaja tishio la siku za usoni tu, utakuwa umeona udhaifu wa hoja kabla ya mahakama yoyote kuketi.

Badilisha majina uone kama hoja inasimama

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine vyote vya kutambua kama mtu anatetea sheria au anatetea upande wake: chukua hoja yake, ondoa majina ya nchi, weka mengine, kisha uone kama bado ataikubali.

Tarehe 17 Machi 2023 ICC ilitoa hati ya kukamatwa kwa Vladimir Putin kuhusu kuhamishwa kwa watoto wa Ukraine kinyume cha sheria. Urusi si mwanachama wa ICC. Mamlaka yalitokana na eneo la Ukraine, iliyokuwa imeyakubali kwa tamko maalumu. Tarehe 21 Novemba 2024 ICC ilitoa hati kwa Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, na Yoav Gallant, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na pia kwa Mohammed Deif wa Hamas. Israel si mwanachama. Mamlaka yalitokana na eneo la Palestina, mwanachama tangu tarehe 1 Aprili 2015. Ni kweli kwamba hadhi ya Palestina kama nchi inabishaniwa kwa namna ambayo ya Ukraine haibishaniwi, na anayejenga hoja yake hapo anastahili kusikilizwa. Lakini anayesema tu kwamba mahakama haiwezi kumgusa raia wa nchi isiyo mwanachama lazima aseme hivyo katika kesi zote mbili. Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo, aliiona hati ya kwanza kuwa ya haki na ya pili kuwa ya kuchukiza. Wapo pia walioipokea ya pili kwa shangwe baada ya kuipuuza ile ya kwanza. Fanya zoezi hili na kwa misimamo yako mwenyewe, hasa ile unayoipenda.

Fuatilia kinachotokea baada ya uamuzi

Mashaka kwamba hukumu za kimataifa ni maneno matupu yana msingi. Tarehe 27 Juni 1986 ICJ iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwasaidia Contra, waasi waliopigana na serikali ya Nikaragua, na kutega mabomu katika bandari za Nikaragua. Marekani ilikuwa imekwisha kujitoa katika shauri, ikaondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya mahakama, na Nikaragua ilipokwenda Baraza la Usalama kuomba utekelezaji ikakutana na kura ya turufu ya Marekani. Hata hivyo, tarehe 10 Oktoba 2002 mahakama hiyohiyo iliipa Kameruni rasi ya Bakassi, yenye mafuta na watu wengi waliojihesabu kuwa Wanigeria. Nigeria ililalamika, ikajadiliana, ikatia saini makubaliano mwaka 2006, na ikakamilisha kukabidhi eneo tarehe 14 Agosti 2008. Usiulize tu kama mahakama ina polisi. Uliza aliyeshindwa anapoteza nini akikaidi, na nani yuko tayari kumsaidia akaidi.

Hati ya Putin inaonyesha sura zote mbili. Mwezi Agosti 2023 hakwenda Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa na wajibu wa kumkamata. Mwezi Septemba 2024 alikwenda Mongolia, ambayo pia ni mwanachama, na hakukamatwa. Tarehe 24 Oktoba 2024 majaji wa ICC wakaamua kwamba Mongolia imevunja wajibu wake.

Angalia pia mahakama za ndani za nchi za tatu, kwa kuwa huko ndiko sheria ya kimataifa hupata makali bila kelele nyingi. Tarehe 12 Februari 2024 mahakama ya rufaa ya The Hague iliiamuru serikali ya Uholanzi isitishe usafirishaji wa vipuri vya ndege za kivita za F-35 kwenda Israel, kwa hoja kwamba ipo hatari ya wazi ya kutumika katika ukiukaji mkubwa wa sheria za vita. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 3 Oktoba 2025 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikasema kazi ya kupima hatari hiyo ni ya waziri na si ya majaji, ikautengua uamuzi wa mahakama ya rufaa lakini ikaliacha katazo kwa muda, na kumpa waziri wiki sita za kuipitia upya leseni kwa kutumia kipimo hicho cha hatari ya wazi. Anayefuatilia shauri kama hilo aandike mambo matatu kwenye daftari lake: tarehe ya mwisho aliyopewa waziri, maneno ya kipimo anachotakiwa kukitumia, na jina la chombo kitakachoweza kuupinga uamuzi wake.